Kwanza Ijulikane ni Ugonjwa Gani
Ndugu wanachama, mzee akishindwa kumeza ugali, baadaye hata uji, tusiseme tu, "Ni uzee," ama "Ni vidonda vya tumbo." Huenda ni kansa ya koo. Lakini pia tusimhukumu kabla hajapimwa. Daktari huingiza mpira mwembamba wenye taa, akatoa kipande kidogo cha nyama kichunguzwe kwa darubini. Hapo ndipo kansa huthibitishwa. Kisha apimwe damu, figo na moyo, kwa sababu dawa inayomfaa kijana yaweza kumlemea mzee. Mpelekeni na dawa zote anazokunywa, hata za miti shamba. Basi kikundi kikichanga nauli, kichange na pesa za kipimo. Msingoje mpaka maji nayo yakatae kupita.