Dawa za Majaribio kwa Watoto Wachanga Wenye VVU: Nani Anabeba Hatari, Nani Anapata Dawa?

Mada kwa watumishi wa afya, maofisa ustawi wa jamii, WAVIU washauri na viongozi wa dini, Mpanda, mkoani Katavi

1. Utangulizi



Mtoto mchanga hawezi kukubali wala kukataa. Ukimwekea dawa kinywani atameza au atatema, na kutema kwake hakuna anayekuchukulia kuwa ni jibu. Lazima mtu mwingine amwamulie, na mara nyingi mtu huyo ni mama aliyejifungua jana, mwili umechoka, na huenda amejua hali yake ya maambukizi katika ujauzito huohuo.

Tumezoea kuuliza kama ni halali kumfanyia mtoto kama huyu majaribio. Swali hilo halitufikishi mbali, kwa sababu mtoto asiyefanyiwa utafiti naye hupewa dawa, ila hupewa kwa kukisia. Ninachopendekeza tuulize ni mambo mawili: nani anabeba hatari ya jaribio, na jaribio likifaulu, dawa itamfikia nani? Nitaeleza kwanza kwa nini watoto hujaribiwa, nitapitia kesi tatu ambazo zimeacha funzo, kisha nitayaleta maswali hayo hapa Katavi.

2. Kwa nini watoto wachanga hujaribiwa

Bila dawa, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufariki kabla ya kutimiza miaka 2, na vifo hupamba moto katika mwezi wa 2 na wa 3 wa umri. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha watoto walioanzishiwa dawa mapema na waliosubiri hadi kinga ishuke au dalili zijitokeze. Kuanza mapema kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Kamati huru ya usalama wa washiriki ilipoona tofauti hiyo mwaka 2007, haikungoja utafiti ufike mwisho. Iliagiza waliokuwa wakisubiri wapimwe upya ili nao waanzishiwe dawa. Leo tunamwanzishia dawa mtoto mara tu anapothibitika kuwa na VVU, na uhakika huo tunao kwa sababu kuna watoto waliopangwa katika kundi la kusubiri.

Sasa tazameni upande wa pili. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ini na figo zake bado zinakomaa, na uzito wake hubadilika haraka kiasi kwamba dozi ya mwezi uliopita haimtoshi mwezi huu. Kwa miaka mingi dawa ya maji ya lopinavir na ritonavir kwa watoto wadogo ilikuwa na alkoholi ya asilimia 42, chungu mno, na ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye ubaridi. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba isitumiwe kwa wachanga wasiotimiza siku 14. Mama wa kijijini asiye na umeme, achilia mbali jokofu, alikabidhiwa chupa hiyo na kuambiwa ampe mwanawe asubuhi na jioni.

Dolutegravir nayo iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima mwaka 2013. Kidonge chake cha watoto cha miligramu 10, kile kinachoyeyuka kwenye maji, kiliidhinishwa mwaka 2020. Watu wazima waliwatangulia watoto wadogo kwa miaka 7. Asiyekuwepo na lake halipo: watoto walipoachwa nje ya tafiti kwa nia ya kuwalinda, waliachwa nje ya dawa pia.

3. Kesi tatu

3.1 Kundi lisilopewa dawa

Mwaka 1994 utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba zidovudini hupunguza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Mama alianza kuitumia akiwa mjamzito, akatundikiwa kwenye mshipa wakati wa uchungu, na mtoto akaendelea nayo kwa wiki 6. Kwa gharama za wakati ule, hospitali zetu zisingeweza kuigharimia. Watafiti wakatafuta kozi fupi na ya bei nafuu. Ili kuipima, baadhi ya tafiti ziliwapa akina mama wa kundi moja dawa kivuli, isiyo na tiba yoyote ndani yake. Mojawapo ulikuwa utafiti wa Petra, uliohusisha Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban.

Mwaka 1997 Peter Lurie na Sidney Wolfe wa Marekani waliandika katika jarida la tiba la New England kwamba jambo lile lisingeruhusiwa nchini mwao, kwa hiyo lisiruhusiwe Afrika. Edward Mbidde wa Uganda alijibu kwamba Waganda wenyewe ndio wenye kuamua utafiti upi unawafaa katika mazingira yao. Februari 1998 matokeo ya Thailand yalionyesha kwamba kozi fupi inafanya kazi, na dawa kivuli ikaondolewa katika tafiti hizo.

Tusiharakishe kuchagua upande. Aliyelalamika alikuwa na hoja, maana umaskini wa mgonjwa hauwezi kuwa sababu ya kumnyima tiba inayojulikana. Aliyejibu naye alikuwa na hoja, maana tiba iliyojulikana haikuwepo Dar es Salaam wala Kampala. Kilichokosekana katika mabishano yale ni sauti ya mama aliyepangwa kwenye kundi la dawa kivuli. Isitoshe, Petra ilipofuatilia watoto hadi miezi 18, sehemu kubwa ya faida ilikuwa imepotea kwa sababu ya unyonyeshaji. Utafiti unaopima matokeo ya wiki chache haujamjibu mama anayenyonyesha kwa mwaka mzima na zaidi.

3.2 Nevirapini ya Kampala

Mwaka 1997 ulianza utafiti wa HIVNET 012 katika Hospitali ya Mulago. Mama alimeza kidonge kimoja cha nevirapini uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa matone ndani ya saa 72. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalionyesha kwamba watoto walioambukizwa kufikia wiki ya 14 hadi 16 walikuwa asilimia 13.1, wakati waliopata kozi fupi ya zidovudini walikuwa asilimia 25.1. Dawa ilikuwa ya bei ndogo na mkunga wa zahanati aliweza kuitoa. Ilisambaa nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo.

Mwaka 2002 ukaguzi uligundua kasoro katika utunzaji wa kumbukumbu za utafiti ule. Jopo la wataalamu huru nchini Marekani lilipitia data na mwaka 2005 likahitimisha kwamba matokeo yanaaminika. Kufikia hapo, hata hivyo, mashaka yalikuwa yameshasambaa magazetini na masikioni mwa watu. Uzembe wa karatasi uliwagharimu akina mama imani yao katika dawa iliyokuwa inafanya kazi.

Lipo deni jingine lililochelewa kuonekana. Dozi moja peke yake iliacha virusi sugu kwa baadhi ya akina mama na watoto. Mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba watoto waliopitia dozi ile, wakaambukizwa hata hivyo, tiba yenye nevirapini iliwashinda zaidi kuliko ile yenye lopinavir. Walionusurika walikuwa wengi. Wasionusurika walilipa mara mbili.

3.3 Kusimamisha dawa kwa makusudi

Mwaka 2010 mtoto alizaliwa Mississippi, Marekani, akaanzishiwa dawa akiwa na saa 30. Baadaye mama yake aliacha kumpeleka kliniki na dawa zikakatika, lakini virusi havikuonekana. Mwaka 2013 dunia ilitangaziwa kwamba mtoto amepona. Julai 2014, baada ya miezi 27 bila dawa, virusi vikarudi.

Tafiti zikaanzishwa kuona kama bahati ile inaweza kurudiwa kwa mpango. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba watoto 6 walioanzishiwa dawa ndani ya saa 48 za kuzaliwa walisimamishiwa dawa wakiwa na umri wa miaka 5 hivi, chini ya uangalizi wa karibu. Wanne walikaa wiki 48 au zaidi bila virusi kuonekana, na mmoja wa hao wanne virusi vilimrudia wiki ya 80. Wawili virusi viliwarudia ndani ya wiki chache. Hapa maadili yanabana zaidi. Mtoto anayeendelea vizuri na kidonge chake anaondolewa kinga ili sayansi ijue. Jaribio la namna hii linahitaji kipimo cha wingi wa virusi mara kwa mara na majibu yanayorudi haraka. Mahali ambapo majibu huchukua wiki kadhaa, nasema wazi, lisifanyike.

4. Maswali hayo yakifika Katavi

Msidhani mambo haya ni ya Kampala na Marekani tu. Jirani zetu wa Mbeya walishiriki utafiti wa LIFE, pamoja na Msumbiji, uliopima faida ya kumpima mtoto siku ya kuzaliwa na kumwanzishia dawa papo hapo. Katika utafiti ule vituo ndivyo vilivyogawanywa makundi, wala si mtoto mmoja mmoja. Maana yake, kundi la mtoto liliamuliwa na kituo alichozaliwa. Utafiti wa aina hii unaweza kubisha hodi Mpanda wakati wowote. Ukibisha, utakutana na mambo manne.

La kwanza ni mama ambaye naye ni mtoto. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi iliongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanamruhusu binti wa miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto hadi afikishe miaka 18. Nani basi anamtilia saini mwanawe? Baba mkwe? Bibi? Msimamo wangu ni kwamba saini ya mtu mzima iwe nyongeza na isichukue nafasi ya kauli ya binti mwenyewe. Akikataa, imekataliwa, hata ukoo wote ukikubali.

La pili ni lugha. Katumba na Mishamo yapo maelfu ya familia zenye asili ya Burundi, zilizoingia kuanzia mwaka 1972 na wengi wao wakapewa uraia. Mashambani wapo wafugaji wanaozungumza Kisukuma kuliko Kiswahili. Fomu ya ridhaa yenye kurasa nyingi, ikisomwa haraka kwa Kiswahili cha ofisini, mama huishia kutikisa kichwa na kubonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino.

La tatu ni mihuri. Mtafiti hupata kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, na kama ni dawa mpya, cha mamlaka ya dawa, TMDA, pia. Anakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anapewa barua. Anakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, anapewa barua. Anafika kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye anagonga muhuri wake. Barua hiyo ikitua mezani kwa muuguzi wa zahanati inaonekana ni agizo kutoka juu, na muuguzi huipeleka kwa mama kwa sauti hiyohiyo: "Mama, kuna utafiti wa serikali, utajiunga." Vibali vyote hivyo vinamruhusu mtafiti kuuliza. Hakuna hata kimoja kinachomlazimu mama kujibu ndiyo.

La nne ni siri. Kutoka Karema hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo watafiti huamua kuwafuata washiriki nyumbani. Gari jeupe lenye nembo ya mradi likisimama mara tatu mbele ya nyumba moja, kijiji kizima kimeshajua. Mama ambaye hajamwambia mumewe anaweza kufukuzwa kabla dawa haijaanza kufanya kazi.

5. Tusisahau majaribio yasiyo na kibali

Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo walioacha ARV. Nalo lilikuwa jaribio, ila halikuwa na daftari, kamati wala mtu wa kuhesabu waliokufa. Utafiti wenye kamati una kasoro zake, lakini una mahali pa kulalamikia.

Hata wenye kamati hukwama mfadhili akiondoka. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, majaribio kadhaa ya tiba barani Afrika yalikatishwa washiriki wakiwa bado wanatumia bidhaa zilizokuwa zikijaribiwa. Kwa mtoto wa miezi 4, kukatishwa dawa ghafla ni suala la uhai.

6. Mapendekezo

(a) Ridhaa ichukue angalau mikutano miwili. Mama aelezwe, arudi nyumbani, kisha aje aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Saini ifuate baada ya hapo.

(b) Anayeeleza asiwe muuguzi anayemtibu mama huyo. WAVIU washauri wanaozungumza lugha ya mama waandaliwe kwa kazi hiyo.

(c) Nauli na chakula cha siku virudishwe, lakini malipo yasiwe makubwa kiasi cha kumnunua mama mwenye shida.

(d) Kabla halmashauri haijatoa barua, mfadhili aandike nani atatoa dawa utafiti ukiisha au ukikatishwa, na kwa muda gani.

(e) Mtafiti arudi na matokeo kwenye kituo kilekile, yawe mazuri au mabaya.

(f) Yatima wasiingizwe utafitini kwa saini ya mlezi pekee. Ofisa ustawi wa jamii ahusishwe.

7. Maswali ya kujadili katika vikundi

Je, mama wa miaka 16 akikubali utafiti na mumewe akikataa, mganga mfawidhi afanye nini? Kituo chenu kikipangwa kwenye kundi lisilopata huduma mpya, mtawaeleza nini akina mama? Na mfadhili akikataa sharti la (d) huku dawa yake inaonekana kuwa na matumaini makubwa, mtampa barua?

Jibu langu kwa swali la mwisho ni hapana, na niko tayari kubishana nanyi juu ya hilo.