Saumu Haikatazi Mazoezi

Mwaka mmoja nikiwa Rutamba, nami nimefunga, nilitoka kukimbia saa nne asubuhi. Nilirudishwa nyumbani nimeshikwa mkono, kizunguzungu kimenizidi. Kosa halikuwa saumu, bali saa niliyochagua: jasho la jua la Lindi hulipwi maji hadi magharibi.

Siku hizi natembea nusu saa ya mwisho kabla ya adhana, kisha nafuturu kwa maji na tende. Wiki ya kwanza napunguza mwendo, mwili uzoee.

Hakeem Olajuwon alifunga Februari 1995, akateuliwa mchezaji bora wa mwezi huo katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Lakini alichezea ukumbini, si juani. Mwenye kisukari amwone daktari kwanza.