Karantini na Chungu cha Mnyonge

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya wakazi wa kata ya Buzebazeba, Manispaa ya Kigoma Ujiji.



Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mjini wakati wananchi wanapofungiwa majumbani kwa sababu ya maradhi ya kuambukiza. Huenda mtu akauliza: kwa nini tulizungumze jambo hili Buzebazeba, mahali ambapo hatukufungiwa mwaka 2020, wakati miji mingi ya dunia ilipofungwa? Wahenga wamekwisha kutujibu: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Jirani zetu walinyolewa. Sisi tulipata nafasi ya kutazama wembe unavyopita, nayo nafasi hiyo si ya kuchezea.

Karantini si jambo geni. Neno lenyewe latokana na Kitaliano, na asili yake ni hesabu ya siku arobaini, kwa kuwa zamani katika bandari ya Venice meli zilizotoka penye tauni zilizuiliwa muda huo kabla ya watu wake kuruhusiwa kushuka. Wazee wa Ujiji hawakuhitaji kuyasoma hayo kwa Wataliano. Wanayajua mafundisho ya Mtume juu ya tauni, kwamba usiingie katika nchi yenye maradhi hayo, na ukiwa umo ndani yake usitoke kuyakimbia. Kule Unguja, kisiwa cha Changuu kilichojengwa jela mwishoni mwa karne ya 19 kiligeuzwa kituo cha karantini cha abiria wa meli.

Hata huku kwetu jambo hili lina historia, nayo ni chungu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika, Waha wakiwamo, ikawakusanya katika makazi maalumu ili kuwatenga na mbung'o aenezaye malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, wala hakuna aliyeweza kusema kuwa malale ni hadithi. Lakini mtu aliyeambiwa aliache shamba lake, makaburi ya wazee wake na mizinga yake ya nyuki hakuulizwa neno. Aliamriwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ninayotaka tuishike: amri ya afya yaweza kuwa sahihi kwa ugonjwa, na bado ikawa dhuluma kwa mtu.

Ndugu wananchi, sasa tuitazame miji ya jirani zetu mwaka 2020.

Rwanda iliwaamuru watu wake wakae nyumbani kuanzia tarehe 21 Machi. Uganda ikafuata mwishoni mwa mwezi huo. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi, na tarehe 6 Aprili ikatangaza kuzuia watu kuingia na kutoka katika Nairobi na vitongoji vyake. Sababu ilikuwa moja: virusi vya korona vilisafiri kwa pumzi ya watu, dawa haikuwapo, chanjo haikuwapo, na hospitali zilikuwa chache. Kupunguza mikutano ya watu kulikuwa njia ya kuipa hospitali muda wa kujiandaa. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na haifai tuifanyie dhihaka.

Lakini mji hauundwi na watu wa aina moja. Karani mwenye mshahara alifungiwa pamoja na jokofu lake, na mwisho wa mwezi akapokea fedha kama kawaida. Muuza mboga, mpagazi, saidia fundi, mfuaji nguo wa nyumba za watu, hawa walifungiwa pamoja na njaa yao, kwa sababu fedha ya ugali wa jioni hutafutwa asubuhi ile ile. Amri moja, bei mbili.

Kule Kampala wauza chakula waliruhusiwa kuendelea kwa sharti la kulala sokoni, wasirudi nyumbani kuchanganyika na familia zao. Kwa hiyo kina mama wakatandika mikeka na kutundika vyandarua katikati ya mafungu ya ndizi na nyanya, ili mji upate kula. Naomba tulikumbuke jambo hilo kila tunaposikia mtu akisema kwamba wachuuzi ni wachafuzi wa mji. Siku mji ulipofungwa, walioufanya uishi walikuwa wachuuzi.

Serikali ya Uganda iligawa chakula kwa watu wa Kampala na Wakiso waliopoteza kipato: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Rwanda nayo iligawa chakula nyumba kwa nyumba kwa kuwatumia viongozi wa vitongoji. Lakini katika nchi zote mbili mgawo ulikuja baada ya amri, na tumbo la mtoto halijui kusubiri orodha.

Kwingineko amri ilitangulizwa rungu. Pale kivuko cha Likoni, Mombasa, siku ile ya kwanza ya amri ya usiku, wafanyakazi waliokuwa wakijaribu kuvuka ili wafike makwao kabla ya saa iliyowekwa walipigwa na kutupiwa mabomu ya machozi. Waliambiwa wasisongamane, wakasukumwa kwa virungu hadi wakasongamana zaidi. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye baraza ya nyumba yao Nairobi. Ulinzi wa afya uliomwua mtoto nyumbani kwao ulikuwa umekwisha kupotea njia.

Tusisahau shule. Uganda haikuzifungua zote hadi Januari 2022, karibu miaka miwili tangu zilipofungwa. Katika muda huo wasichana wengi walipata mimba na wavulana wengi waliingia kazini, wasirudi tena darasani. Gharama ya karantini haikuhesabika kwa wagonjwa peke yao.

Je, sisi? Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa kuanzia siku iliyofuata, vyuo navyo vikafungwa, hadi vyuo na kidato cha sita walipoanza tena tarehe 1 Juni na shule nyingine tarehe 29 Juni. Masoko, mashamba na nyumba za ibada havikufungwa. Serikali ya Awamu ya Tano ilisema wazi kwamba nchi ya watu wanaoishi kwa jasho la siku haiwezi kuwafungia bila kuwaua kwa njaa. Mimi naamini kwamba katika hoja hiyo ya njaa kulikuwa na ukweli mkubwa.

Hata hivyo, ndugu zangu, kutokufunga ni jambo moja, na kutokuhesabu ni jambo lingine. Baada ya tarehe 29 Aprili 2020, idadi ya wagonjwa nchi nzima ilipotajwa kuwa 480, takwimu za taifa hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Mvuvi haachi kutazama mawingu kwa sababu ameamua kuingia ziwani. Kinyume chake, kwa kuwa ameamua kuingia, yampasa atazame zaidi. Mwaka 2021 serikali ya Awamu ya Sita ilirudi kwenye njia ya kutangaza na kuhesabu, na tarehe 28 Julai ikazindua chanjo. Chama kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi hakina sababu ya kuogopa kusema kwamba njia hiyo ilikuwa bora.

Sasa turudi nyumbani. Kigoma inajua maradhi ya halaiki kuliko mikoa mingi. Mwezi Mei 2015 maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walikimbilia Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Maji yao ya kunywa yalikuwa ya ziwa, na vyoo havikutosha hata sehemu ndogo yao. Kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 Mei, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa watu 31 walikuwa wamekufa, wawili kati yao wakiwa Watanzania. Meli yetu kongwe, MV Liemba, ilifanya safari nyingi kuwaleta wakimbizi Kigoma, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukawa mapokezi yao kabla ya kwenda Nyarugusu.

Ni nini kilichokishinda kipindupindu kile? Si kufuli. Ni maji safi, vyoo, chumvichumvi ya kumrudishia mgonjwa maji mwilini, na kuwatoa watu katika msongamano. Kipindupindu hupita katika kinyesi na maji. Ukimfungia mtu katika nyumba isiyo na maji safi wala choo, umemfungia pamoja na adui. Kwa hiyo kabla hatujauliza kama mji ufungwe, yatupasa tuulize ugonjwa wenyewe unasafiri kwa njia gani.

Mfano mzuri tunao Kagera. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini mwezi Machi 2023, walioambukizwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Mkoa haukufungwa. Waliotengwa na kufuatiliwa ni wagonjwa na watu waliokutana nao, zaidi ya 200, mmoja mmoja, mpaka ugonjwa ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu watu walisema ukweli juu ya nani alimwuguza nani na nani alimzika nani. Mwananchi anayeogopa kupigwa au kuaibishwa hawezi kuyasema hayo.

Lakini tuseme siku moja itatulazimu kufunga kweli. Hapa Kigoma tumewahi kuonja ladha yake, ingawa si kwa maradhi. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Mvuvi wa dagaa amezoea kupumzika siku chache mwezi unapong'aa, kwa maana dagaa huvuliwa kwa taa katika giza. Miezi mitatu ni kitu kingine. Mtumbwi ukilala ufukweni, halali mvuvi peke yake. Analala mwanamke anayeanika dagaa, mpagazi wa Kibirizi, fundi wa mashine, mama lishe anayewauzia chai alfajiri, na kijana wa bodaboda anayewabeba wote hao. Nao ulikuwa ufungaji uliotangazwa mapema, watu wakapata nafasi ya kujipanga. Ugonjwa hautoi tangazo.

Kwa sababu hiyo napendekeza mambo manne yafanyike sasa, wakati tuna afya.

La kwanza, daftari. Kila balozi anajua katika nyumba zake nani ni mjane, nani ni mgonjwa wa siku nyingi, nani anaishi peke yake, nani asipotoka leo halali na chakula. Maarifa hayo yako kichwani. Yaandikwe, bila kuuliza mtu ni wa chama gani. Siku ya amri, gari la unga lisianze kutafuta mlango.

La pili, chakula kitangulie amri. Halmashauri isiyojua unga wa siku 14 utatoka ghala gani haijawa tayari kumwambia mtu akae ndani. Na mlanguzi atakayepandisha bei ya sabuni, ndimu au barakoa wakati wa maradhi ashughulikiwe kama mhujumu wa umma.

La tatu, maji na vyoo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na matokeo yake yakawa mamia ya maelfu ya vyoo vilivyochimbwa na wananchi wenyewe. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo. Haifai sisi wenye simu mkononi tushindwe na wazazi wetu waliokuwa na redio moja kwa kikundi kizima.

La nne, gharama igawanywe. Sisi tunaopokea mishahara ndio tutakaofungiwa kwa raha. Basi iwe wajibu wetu kuchangia ghala la mtaa, na mwenye nyumba asimtoe mpangaji aliyekosa kodi kwa kutii amri ya serikali. Anayekaa ndani ananikinga mimi. Akinikinga mimi, mimi nina deni kwake.

Ndugu Mwenyekiti, tulipoanza safari ya uhuru tuliwataja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Karantini huwakusanya wote watatu mlango mmoja, na serikali ikimpiga mmoja huku ikiwalisha wawili, vita haijashinda. Mlango wa mnyonge unaweza kufungwa kwa siku 40 na asilalamike, endapo chungu chake kinachemka ndani na anaelewa kwa nini amefungiwa. Mabalozi mliopo hapa, kazi ya daftari haingoji waraka kutoka Dodoma. Inaweza kuanza kesho asubuhi.