Mali Bila Daftari: Habari za Ukoo Uliojenga Mabasi
(Hotuba iliyosomwa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu)

  

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Vikundi vingi tulivyoanza navyo vimekufa, sisi bado tupo. (Makofi)

Nimeombwa nizungumze machache juu ya biashara ya familia. Najua mlitegemea nizungumzie duka au kahawa, lakini leo nitazungumzia bodi za magari. Sababu ninayo. Mbele yetu kuna ombi la wanachama kwamba kikundi kinunue lori la kubeba ndizi, na mkutano mkuu ndio utakaoamua. Kabla hatujanyoosha mikono, naomba tusikie habari za ukoo mmoja ulioishi kwa kazi hiyo ya bodi, ukapanda mpaka juu, halafu ukaanguka.

Kwanza tuelewane. Kiwanda kinachotengeneza lori mara nyingi hutoa injini, magurudumu, kabini na chesisi, basi. Ile sehemu ya nyuma tunayopakia mikungu ya ndizi, au lile boksi lenye viti na madirisha tunaloliita basi, hujengwa na fundi mwingine kabisa. Hiyo ndiyo bodi. Tumewaona mafundi wakipima mbao na kuchomelea vyuma juu ya chesisi tupu. Kazi hiyo ina hesabu kali. Bodi ikiwa nzito mno, uzito wake unakula mzigo wako, na kwenye mizani utalipia chuma badala ya ndizi. Ikiwa nyepesi mno, barabara ya vumbi itaifungua misumari kabla ya mwaka kuisha.

Kazi hii tangu zamani ni ya koo. Huko Nairobi watu wanaijua kampuni ya Labh Singh Harnam Singh kwa bodi za mabasi na malori, na jina hilo ni majina ya watu. Baba humfundisha mtoto, mtoto humfundisha mjukuu. Lakini mambo ya ndani ya koo nyingi hatuyajui, maana yamo katika madaftari yao. Ukoo ninaotaka kuusimulia madaftari yake yalifunguliwa mbele ya dunia nzima, kwa hiyo tunaweza kujifunza.

Ni ukoo wa Wright, wa mji wa Ballymena, Ireland ya Kaskazini, nchi iliyo chini ya Uingereza. Mwaka 1946, vita kuu vilipokwisha, mzee Robert Wright alianza karakana ndogo nyumbani kwake. Alifanya kazi na kijana wake William, aliyezaliwa mwaka 1927. Walijenga bodi za malori, na yale magari-duka yanayozunguka vijijini kuuza bidhaa. Baadaye wakaingia kwenye mabasi, na kutoka hapo hawakurudi nyuma.

Walifanikiwaje? Walikubali kujifunza. Walipoona bodi za alumini ni nyepesi na hazishiki kutu, walizichukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa miongoni mwa wa kwanza Uingereza kujenga mabasi yenye sakafu ya chini. Hebu fikirini: mama mwenye mtoto katika kigari, mzee mwenye fimbo, mtu asiyeweza kutembea, wote wanaingia bila kupanda ngazi. Sisi tunaobebwa juu juu na makonda tunajua thamani ya jambo hilo. (Vicheko)

Halafu ikaja kazi kubwa. Jiji la London lilitaka mabasi mapya mekundu ya ghorofa, na kazi ya kuyajenga wakapewa watu wa Ballymena. Basi la kwanza lilianza kubeba abiria mwaka 1912? La, nisiwachanganye, ni 2012. Mpaka mwaka 2017 walikuwa wamejenga mabasi 1,000. Mwaka 2018 yule kijana wa karakana, sasa mzee wa miaka tisini, akapewa cheo cha heshima na Malkia, akaitwa Sir William.

Akina mama, hapo ndipo tunapotakiwa kusikiliza vizuri. Kazi ya London ilikwisha. Makampuni ya usafiri yakasita kununua, maana hayakujua yabaki na dizeli au yahamie kwenye umeme. Oda zikapungua. Mwaka 2018 kampuni ikaanza kupunguza wafanyakazi. Tarehe 25 Septemba 2019 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na watu wapatao 1,200 wakapoteza kazi mara moja. Katika mji usio mkubwa, hao ni baba na mtoto wake, mke na mume, wa nyumba moja.

Madaftari yalipofunguliwa, watu wakaona jambo. Katika miaka sita mpaka 2017, kampuni mama ya ukoo huo ilikuwa imetoa zaidi ya pauni milioni 15 kwa kanisa moja la pale pale mjini. Mchungaji wa kanisa hilo alikuwa mtoto wa Sir William, na yeye ndiye aliyekuwa na hisa nyingi katika kampuni. Katika mwaka 2017 peke yake zilitolewa zaidi ya pauni milioni 4, na mwaka huo huo biashara ya mabasi iliandika hasara. Jumapili iliyofuata baada ya kufungwa kiwanda, wafanyakazi na familia zao walikwenda kusimama nje ya kanisa hilo kulalamika.

Mnielewe vizuri, nisije nikasemwa huko nje. Sisemi kwamba sadaka ndiyo iliyoua kampuni. Oda zilikuwa zimepungua, na hilo ni pigo lenyewe. Wala sisemi tusitoe. Sisi sote hapa tumelelewa na kanisa na msikiti. Shule tulizosoma na hospitali tulizojifungulia, nyingi zimejengwa kwa sadaka. Ninachosema ni hiki: fedha ikishatoka haipo tena siku ya dhiki, na waliokuwa wakichomelea vyuma hawakuulizwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: hata yenye daftari hupotea, kama daftari linasomwa na mtu mmoja tu. (Makofi)

Kuna jambo la pili, la kiwanja. Mnunuzi alipatikana, Bwana Jo Bamford, mtu wa ukoo mwingine wa viwanda. Lakini majengo na ardhi ya kiwanda havikuwa mali ya kampuni iliyofilisika. Vilikuwa upande mwingine wa mali za familia. Mazungumzo yakakwama, wafanyakazi wanasubiri, mpaka Oktoba 2019 ndipo wakaelewana. Kiwanda kikafunguliwa tena. Mwaka 2021 mabasi yake ya ghorofa yanayotumia haidrojeni yakaanza kazi katika mji wa Aberdeen, ya kwanza ya aina hiyo duniani, na baadaye wafanyakazi wakazidi tena 1,000. Sir William alifariki mwaka 2022. Kazi aliyoianza na baba yake ilikuwa hai, ila si ya ukoo wake tena.

Kwetu Kagera swali la "hii ni ya jina la nani" si geni. Mwaka 1988 mama mmoja wa Muleba aliuza shamba alilorithi kwa baba yake. Ndugu wa ukoo akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hilo. Mama yule alikuwa na wosia wa baba yake. Karatasi ilisema. Je, lori letu karatasi yake itasema nini?

Kwa hiyo, Bibi Mwenyekiti, sikuja kupinga lori. Nimekuja na mambo matatu ya kuingiza katika maamuzi yetu.

Kwanza, kadi ya gari iandikwe jina la kikundi. Isiwe jina la mume wa mwanachama, hata kama ndiye dereva hodari kuliko wote, wala jina langu mimi. Na mahali litakapolazwa pawe na mkataba wa maandishi.

Pili, lori liwe na daftari lake peke yake. Mafuta, matairi, bodi na akiba ya matengenezo viandikwe humo. Tukitaka kuchangia msiba, harusi au ujenzi wa kanisa, tutoe kwenye mfuko wa jamii, au kwenye faida ambayo mkutano umeikubali. Tusichomoe fedha ya tairi kwa sababu mgeni rasmi ametutazama usoni. (Vicheko na makofi)

Tatu, daftari hilo lisomwe kwa sauti kila mwezi, mbele ya wote, hata wasiojua kusoma. Mwenye swali aulize, na asionekane mchokozi.

Wapo watakaosema mambo ya Ballymena ni ya wazungu wenye mamilioni, sisi tuna visenti. Lakini nao walianzia kwenye karakana ya nyumbani. Na hizo visenti zetu ni za mama aliyeuza senene, aliyebeba ndizi kichwani kutoka shambani, aliyejinyima kanga. Kwake yeye hakuna wasimamizi wa ufilisi watakaokuja. Zikipotea, zimepotea.

Nawashukuru viongozi kwa miaka kumi ya uaminifu. Mungu akitujalia miaka kumi mingine, natumaini tutakaa hapa hapa, lori liko pale nje, na daftari liko mezani.

 (Makofi na vigelegele)