Njoo Utuonyeshe

Leo tunazungumza na vikundi vya maigizo ya jamii, ninyi mnaocheza chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, kisha mnawaachia watu wajadili. Kuigiza mnakujua. Kazi ngumu huanza pale mjadala unapowaka.

Au unapokataa kuwaka. Mara nyingi igizo likiisha, mwezeshaji husimama na kuuliza, "Haya, mmejifunza nini?" Watoto waliokaa mbele hujibu kwa pamoja kama wako darasani, watu wazima hupiga makofi, kila mtu akashika njia yake. Swali hilo ni la mtihani: lina jibu moja, na wote pale wanalijua. Ningekuwa na uwezo, ningelipiga marufuku.

Mwongozaji wa maigizo Mbrazili, Augusto Boal, aliigundua njia nyingine akiwa Peru mwaka 1973, katika mpango wa kisomo cha watu wazima. Waigizaji wake walikuwa wakicheza kisa hadi penye utata, wakasimama, wakaiuliza hadhira mhusika afanye nini, kisha wakauigiza ushauri huo. Siku moja walicheza kisa cha mke asiyejua kusoma. Mumewe humpa karatasi azitunze, akimwambia ni nyaraka za nyumba anayoijenga kwa pesa za mke huyohuyo. Jirani anapomsomea, kumbe ni barua za hawara! Ushauri ukamiminika. Mama mmoja, tena wa miraba minne, akasema mke azungumze na mumewe waziwazi kisha amsamehe. Wakaigiza hivyo, akasema sivyo. Wakarudia, akazidi kuwaka. Hatimaye Boal akamwomba aje mwenyewe. Mama akashika ufagio, akamcharaza mwigizaji wa watu, halafu akamwamuru akamletee chakula. Hayo ndiyo mazungumzo aliyoyataka, na hakuna mwigizaji aliyeweza kuyabuni kwa niaba yake.

Toka hapo ukazaliwa utaratibu unaotumika leo katika nchi nyingi. Igizo huchezwa mara ya kwanza hadi mwisho wake mbaya. Linaporudiwa, mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!" akaingia uwanjani na kushika nafasi ya anayeonewa. Waigizaji wengine hawamlegezei. Anayeonea anaendelea kuonea. Mwezeshaji naye, ambaye Boal alimwita "Joker", kwa jina la ile karata isiyokuwa na upande, haamui nani kasema kweli. Anauliza tu: je, hili linawezekana hapa kwetu?

Tuseme mmecheza kisa cha mjane ambaye shemeji yake anataka kumnyang'anya shamba. Mzee mmoja anasimama na kusema mila hairuhusu mwanamke kubaki na ardhi ya ukoo. Vijana wanazomea. Mama mmoja nyuma anapaza sauti. Hapo mwezeshaji mchanga hufanya moja kati ya mawili: humnyamazisha mzee kwa hotuba ya haki za binadamu, au huwaachia wote wapige kelele. Yote mawili yanaua mjadala. Mwambie mzee kwa heshima, "Shikamoo mzee, tumekusikia. Tafadhali njoo ukae hapa uwe mjumbe wa baraza, mjane aje mbele yako." Mtu anayetoa hotuba ya dakika kumi akiwa kwenye kiti chake, akikutana uso kwa uso na mjane, hata kama ni wa kuigiza, maneno yake hupungua na fikra zake huongezeka.

Lakini mwezeshaji lazima awe amejiandaa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Usiifungue sheria hiyo mwanzoni, utamaliza mchezo. Ngoja mjadala ukwame, kisha waketishe wajumbe wanawake kwenye lile baraza la kuigiza, uone kesi inavyogeuka.

Kuna la viti pia. Mwenyekiti wa kijiji akipewa kiti cha mbele na akawa wa kwanza kusema, wengi waliobaki watamuunga mkono. Mwombe aseme mwishoni. Akielezwa mapema, kwa kawaida hukubali. Wanawake wakiwa kimya, wagawe watu katika makundi madogo kwanza, kila kundi lijadili peke yake.

Wenzetu walishapita njia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Kwimba, wakayachunguza matatizo pamoja na wanakijiji kabla ya kuigiza chochote. Suala la mimba za wasichana likajitokeza huko huko, halikuja na gari la wageni. Kule Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, mazoezi yalifanyika hadharani na wanakijiji waliwakatiza waigizaji kuwasahihisha. Novemba serikali ikafuta kibali cha igizo, na Desemba ikamkamata mmoja wa waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, na kumweka kizuizini. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba huu ni mchezo tu. Kabla ya kucheza, chunguza kama shemeji wenu wa kuigiza anafanana mno na mtu aliyeketi pale, kwa jina, kwa mavazi, hata kwa kikohozi. Akifanana, badilisheni. Vinginevyo mtakuwa mmegeuza mjadala kuwa hukumu, na mjane wa kweli ndiye atakayerudi naye nyumbani.

Giza likiingia kabla hamjaafikiana, msilazimishe mwafaka. Andikeni mapendekezo yaliyojaribiwa uwanjani, pamoja na yaliyoshindikana. Boal mwenyewe, alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996, alipeleka mapendekezo ya namna hiyo barazani na 13 yakawa sheria. Kijijini kwenu upo mkutano mkuu wa kijiji. Mpelekeeni mtendaji ile karatasi mapema, iingie kwenye ajenda, na mumwombe yule mama aliyepaza sauti kutoka nyuma aisome yeye mwenyewe.