Ng'ombe Mwenye Kuzoea Kupiga Pembe

Masomo: Kutoka 21:28-29, Mezali 20:14, Yeremia 32:9-14

 

Leo tunasema juu ya kuuza na kununua magari, pikipiki na piesi za okazioni, mutu kwa mutu. Pengine mumoja atauliza: jambo hili linaingia namna gani katika mahubiri? Linaingia, kwa sababu magomvi mengi yanayoletwa mbele ya wachungaji hayaanzi kwa mafundisho. Yanaanza kwa feza na kwa moteri. Wandugu wawili walioimba pamoja katika kwaya hawasalimiani tena. Mumoja anasema: "Aliniuzia maiti." Mwengine anajibu: "Alitazama mwenyewe, akakubali." Na Meza ya Bwana inakuta wote wawili wamekaa, kila mumoja upande wake.

Sisi wote tunajua namna maisha yako. Magari mengi yanayotembea katika inchi yetu hayakununuliwa mapya. Yalitumiwa kwanza kule Yapani ao Ulaya, yakavuka bahari, mengine yakashushwa Mombasa ao Dar es Salaam, yakaingia kwetu kwa Kasindi, kwa Kasumbalesa ao kwa mupaka mwengine. Kisha yanapita mukono kwa mukono. Kila mukono unajua ugonjwa fulani wa ile gari, na mara nyingi unauficha, unauachia mukono unaofuata. Lakini mwenye kununua si tajiri. Ni baba aliyeuza shamba kusudi mutoto wake apate pikipiki ya taxi. Ni mama aliyengojea zamu yake katika likelemba. Pikipiki hiyo ndiyo inalipa minervale ya watoto, ndiyo inaleta unga. Ikifa, nyumba nzima inalala njaa.

Sasa tusikilize Neno. Katika Kutoka sura ya 21, Sheria ya Musa inatenganisha ng'ombe wawili. Ng'ombe wa kwanza anapiga mutu pembe na kumuua, lakini hakuwa na desturi hiyo. Ng'ombe anauawa kwa mawe, na mwenyewe hana kosa. Ng'ombe wa pili alizoea kupiga pembe tangu zamani. Watu walimwonya mwenyewe, lakini hakumufunga. Ng'ombe huyo akiua mutu, mwenyewe naye anahukumiwa.

Angalieni vizuri. Pembe ni zile zile, kifo ni kile kile. Tofauti ni moja tu: mwenyewe alijua.

Wandugu, hapa ndipo tunapata kipimo cha biashara yetu. Mutu akikuuzia pikipiki, na nyuma ya mwezi mumoja moteri inakufa, na yeye hakujua kama ilikuwa karibu kufa, usimwite mwizi. Wala usiseme jirani ameiloga. Kitu cha zamani kinaharibika. Ndiyo maana beyi yake ilikuwa chini. Lakini kama alijua kwamba freni haishiki wakati wa kushuka mulima, kama fundi alimwonya, naye akanyamaza akapokea dola zako, pikipiki hiyo ni ng'ombe mwenye kuzoea kupiga pembe. Siku freni itakataa na abiria wawili wako nyuma, damu haitaulizwa kwa dereva peke yake.

Wengine wanajitetea na neno hili: "Vile umeona, ndivyo umenunua." Hata mwenye ng'ombe angeweza kusema: "Pembe zilionekana." Ni kweli, pembe zilionekana kwa wote. Lakini tabia ya ng'ombe haionekani kwa macho. Mwenyewe ndiye anaijua.

Na tunajua hila zinazofanywa. Muuzaji anawasha moteri mapema mbele mununuzi afike, kusudi asione kama inasumbua kuwaka asubuhi ikiwa baridi. Anatia mafuta mazito kusudi mulio wa moteri upunguke kwa siku mbili. Anarudisha kontere nyuma, gari ya kilometa 300 000 inakuwa ya 90 000. Anapakaa pine rangi nyeusi ingae. Anaondoa batri nzuri usiku na kuweka ile ya zamani, kisha beyi imekwisha kupatana. Hizi zote ni mizani ya uongo, hata kama hakuna mizani mezani. Na mutu anazifanya Jumamosi, Jumapili anainua mikono.

Lakini tusiwapige wauzaji peke yao. Mezali 20:14 inamwonyesha mununuzi anayezarau kitu mbele ya mwenyewe, akisema hakifai, hakifai; kisha anakwenda zake akijisifu. Je, hatumujui mutu huyo? Anakuta mujane anauza gari ya marehemu bwana yake kwa sababu ya deni ya hospitali. Anajua gari ni nzima. Lakini anatikisa kichwa, anaita rafiki yake aliye fundi aseme moteri imekufa, anapata gari kwa nusu ya beyi. Jioni anatoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu amemubariki. Mungu hakuwa katika baraka hiyo. Machozi ya mujane ndiyo yalikuwa ndani yake. Mununuzi naye yuko na deni ya kile anachojua.

Na wewe komisionere, unayesimama katikati, ukimwambia muuzaji beyi moja na mununuzi beyi ingine, na tofauti ukaificha mufukoni, wewe pia uko chini ya Neno hili. Omba mushahara wako wazi, mbele ya wote wawili. Mufanya kazi anastahili mushahara, hastahili siri.

Juu ya piesi tuseme wazi. Piesi ya okazioni yenye kutoka katika gari nzuri inaweza kushinda piesi mupya ya kopi. Si zambi kuiuza. Zambi ni kusema "ni ya orijino" na unajua si ya orijino. Na piesi ya beyi ndogo kupita kiasi, iliyoletwa usiku na kijana asiyetaka kusema ameitoa wapi, uiache. Pengine kesho utaambiwa ilitoka katika gari ya ndugu yako.

Sasa, mununuzi afanye nini? Kuomba ni vizuri, lakini kuomba hakukatazi kutazama. Fika asubuhi, weka mukono juu ya moteri mbele iwashwe: kama iko ya moto, uliza sababu. Tazama moshi: wa bluu unaonyesha kwamba moteri inakula mafuta yake, mweupe na mwingi, usiokwisha hata moteri ikipata moto, mara nyingi unaonyesha kwamba maji yanaingia ndani. Tazama namba ine za mwisho nyuma ya herufi DOT katika pine: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016. Pine inaweza kuwa na meno mazuri na mupira wake umekwisha kuzeeka. Linganisha numero ya shasi na ile ya karte roze. Hata herufi moja ikipishana, usilipe. Na uende na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

Kisha andikeni. Hapa wengi wanakwama. Wanasema: "Sisi ni wandugu katika Bwana, karatasi ya nini?" Tumutazame nabii Yeremia. Alinunua shamba la Anatoti kwa Hanameli, mutoto wa baba yake mudogo. Alikuwa ndugu wa damu. Yeremia alikuwa amefungwa, na Yerusalema ilizungukwa na waadui. Hata hivyo alipima shekeli 17 za feza katika mizani, akaandika, akatia muhuri, akaita washuhuda. Karatasi zilikuwa mbili, moja ya kufungwa na moja ya wazi, na Baruku akaziweka katika chungu zisiharibike. Nabii wa Mungu hakuona kwamba kuandika ni kukosa imani. Wazee wetu pia wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi karatasi yenu iseme majina, tarehe, numero ya shasi, beyi, na feza iliyobaki italipwa lini. Na tunaomba muongeze mustari mumoja ambao wengi hawauandiki: magonjwa ambayo muuzaji anayajua. "Freni ya nyuma haishiki vizuri. Moteri inakula mafuta." Muuzaji atie mukono, mununuzi atie mukono, washuhuda wawili watie mukono. Mustari huo utapunguza beyi, ndiyo. Lakini ni kamba ya kumufunga ng'ombe. Na kisha mununuzi hawezi kurudi akisema alidanganywa.

Na wewe uliyekwisha kuuza, na unapotusikiliza moyo wako unapigapiga? Usingojee kongamano la kufunga na kuomba. Zakayo hakungojea. Alisimama siku ile ile, akasema atarudisha mara ine kwa kila aliyemunyanganya. Kama huna feza ya kurudisha leo, kuna kitu ambacho hakihitaji feza: piga simu sasa, useme, "Ndugu, ile freni usiiamini, upeleke kwa fundi mbele upakie mutu." Simu hiyo inaweza kuokoa roho ya mutu juma hili. Feza mutazungumuza kisha, mbele ya muzee wa kanisa.

Watu wanatuletea magari na pikipiki kusudi tuombe juu yake na kupakaa mafuta. Tutaomba kwa furaha. Lakini mafuta tunayopakaa kwa kapo hayaingii mahali pa mafuta ya freni. Mungu tunayemwomba alinde gari ndiye alisema ng'ombe afungwe.

Bwana awape mikono safi, na kinywa chenye kusema ile munayoijua mbele ya kupokea feza. Mubarikiwe. Amina.