Je, Tumwamini Askari?

Ninyi mlio Kericho na Bomet, Litein na Sotik, Kapkatet na Londiani. Ninyi mliorudi sasa hivi kutoka kuchuma, na ninyi mnaongoja lori la majani chai kituoni.

Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo watu wengi huulizana kwa sauti ya chini. Ng'ombe wameibwa usiku. Au binti ametendewa vibaya. Au kijana wa boda boda amekamatwa njiani, naye hajui kosa lake. Jamaa hukaa pamoja na kuulizana, "Twende polisi?" Na mara nyingi mzee mmoja hutikisa kichwa na kusema, "Polisi? Mtaongeza hasara juu ya hasara."

Je, mzee huyo amesema kweli? Raia mwema yampasa amwamini askari, au amkimbie?

Kwanza, wapenzi, tusiharakishe kumlaumu mzee. Hofu yake ina mizizi. Babu zetu hawakumfahamu askari kama mlinzi wao. Ardhi ya Wakipsigis ilitwaliwa, na katika miaka ya 1920 makampuni yakaanza mashamba makubwa ya chai. Askari wa siku zile alikuja kuuliza kipande, kile ambacho mtu alikivaa shingoni. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Victoria, na wengi wakakaa huko miaka mingi. Mtoto aliyeona mambo hayo aliwasimulia watoto wake, nao wakawasimulia wao.

Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, lakini hofu haikwisha. Tarehe 31 Januari 2008, mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipigwa risasi na askari mmoja mjini Eldoret, akafa, na fujo kubwa zikazuka Kericho. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Kati yao 405 walikufa kwa risasi, na lawama nyingi za risasi hizo ziliwaangukia polisi.

Tena kuna jambo dogo linalotuaibisha kila siku. Sisi ni watu wa chai. Chai ndiyo karo ya watoto wetu na mabati ya nyumba zetu. Lakini ukisimamishwa barabarani na kuambiwa utoe chai, unajua vema kwamba hawataki majani. Jina la jasho letu limegeuzwa kuwa jina la hongo.

Basi labda utasema, "Mwalimu, umekwisha jibu swali. Tusiwaamini kabisa." Ngoja kidogo, ndugu yangu. Hebu tuulize: watu wote wakikata tamaa na polisi, ni nani anayefaidika?

Tajiri hapotezi kitu. Ana ukuta, ana mlinzi, ana wakili. Anayepotea ni mama mjane. Mapema mwaka wa 2023, shirika la habari la BBC lilitangaza kwamba wanawake zaidi ya 70 wameeleza jinsi walivyodhulumiwa kimwili na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ambayo kwa miaka mingi yaliendeshwa na makampuni mawili makubwa. Fikirini juu ya dada kama huyo. Msimamizi ndiye anayempa kazi. Nyumba anayolala ni ya kampuni. Kama haamini kwamba kuna mlango hata mmoja nje ya shamba ambapo atasikilizwa, atafanya nini? Atanyamaza. Na kunyamaza kwake ndiko kunakomtia nguvu mkosaji. Wengine husema mwenye nguvu mpishe. Lakini tukimpisha kila mwenye nguvu, mwisho wake hata nyumbani hatutakuwa na pa kukaa.

Au watu hufuata njia ya pili, yaani kujichukulia sheria mikononi. Mwizi wa ng'ombe hupigiwa kelele, akafa kabla ya mtu kuuliza kama ndiye. Mwezi wa Mei 2023, watu walioona mashine zikiwaondolea kazi ya kuchuma waliteketeza mashine tisa za kampuni ya Ekaterra huko Kericho. Mtu mmoja aliuawa, na wengi wakajeruhiwa, wakiwamo askari 23. Uchungu wa kupoteza kazi ni uchungu wa kweli, siudharau. Lakini mtu aliyekufa hakurudi, na mchumaji hakupata kazi kwa moto ule.

Basi tufanye nini? Tukifunga macho na kuamini, tutaumizwa. Tukikataa kuamini kabisa, wanyonge wetu wataumizwa. Ningependa tumtazame mtume Paulo.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 16, Paulo na Sila walipigwa viboko huko Filipi, wakatiwa gerezani bila kesi kusikilizwa. Asubuhi wakubwa wa mji walituma watu wawafungulie waende zao kimya kimya. Wengi wetu tungeshukuru na kukimbia. Paulo alikataa. Alitaja haki yake kama raia wa Rumi, akataka wakubwa waje wao wenyewe kuwatoa. Hakutukana, wala hakurusha jiwe. Alishika sheria, nao wakaja.

Lakini someni tena sura ya 23. Huko Yerusalemu watu zaidi ya arobaini walikula njama ya kumwua Paulo huyo huyo. Mpwa wake alipata habari. Paulo alimpeleka wapi kijana yule? Kwa mkuu wa askari! Na usiku ule mkuu alitoa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, wakamsindikiza mtu mmoja mpaka salama. Paulo aliyepigwa viboko kwa amri ya wakubwa hakusema kwamba watu wa dola wote ni wabaya. Wala alipolindwa hakusahau kwamba anaweza kuonewa. Alimwita kila mmoja atimize kazi yake.

Jambo kama hilo limetokea hata katika nchi yetu. Mwezi wa Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda aliyekuwa mwendeshaji wa boda boda, na dereva wa teksi Joseph Muiruri, walitekwa walipotoka mahakamani Mavoko, wakauawa. Mwenda alikuwa amemshtaki askari aliyempiga risasi. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja, na Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja wao adhabu ya kifo na wengine vifungo virefu. Askari walitenda uovu ule. Lakini waliochunguza, wakakusanya ushahidi na kuufikisha mbele ya jaji, nao walikuwamo askari. Ukisema, "Wote ni wamoja," umewadhulumu hao.

Sasa, ndugu mkulima, wewe unaijua tayari njia ninayoitaka. Unaitumia kila juma kituoni. Unampa karani majani yako ayatundike kwenye mizani. Humwiti mwizi; kama ungemwona mwizi usingempelekea majani. Lakini hufumbi macho pia. Unatazama mizani, unasikiliza kilo zikisomwa, unapokea risiti yako na kuiweka. Karani mwaminifu hachukii ukitazama. Anayechukia ndiye wa kushukiwa.

Mwendee askari vivyo hivyo. Ukipeleka habari kituo cha polisi, hakikisha imeandikwa katika kitabu, nawe uombe nambari ya OB. Hiyo ndiyo risiti yako. Usiende peke yako kama jambo ni zito. Nenda na jirani, na mzee wa kijiji au mtu wa kanisa lako. Shikeni tarehe na jina la aliyewahudumia. Bondi ya polisi haina bei. Na ukilipa pesa za dhamana, dai risiti. Wala usitoe chai ili mambo yaende upesi. Anayenunua haki leo ameipandisha bei kwa jirani yake maskini kesho.

Ifahamuni pia Katiba ya 2010. Kifungu cha 49 chasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili. Tena afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au kama muda huo unaishia wakati mahakama imefungwa, basi siku ya kazi inayofuata. Na kwa sheria ya 2011 iliundwa IPOA, mamlaka ya kiraia ya kuchunguza malalamiko juu ya polisi. Mwenda alipoonewa alipeleka malalamiko yake huko. Alilipa kwa uhai wake, nami siwafichi jambo hilo. Ndiyo maana nasema mtu asiachwe aende peke yake. Sauti ya mmoja hunyamazishwa upesi. Sauti ya kijiji kizima ni kazi kuinyamazisha.

Nawe askari unayesikiliza, labda uko kibandani ukiota moto, nina neno kwako pia. Najua kazi yako ni ngumu, nyumba ni finyu, na watoto wako wako mbali. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji na kuuliza yawapasayo, hakuwaamuru waache kazi. Aliwakataza kuwatoza watu mali kwa vitisho na mashtaka ya uongo, akawataka waridhike na malipo yao (Luka 3:14). Gari lako limeandikwa "Utumishi kwa Wote." Mama akija usiku akitetemeka, asijue pa kuanzia, mpe kiti, fungua kitabu, uandike. Pengine atakuwa mtu wa kwanza katika ukoo wake kumwamini askari. Usimrudishe kwao akaseme, "Mzee alisema kweli."

Wapenzi wasikilizaji, tumaini lote tuliweke kwa Mungu peke yake. Kwa mwanadamu tuweke imani inayotazama mizani.

Na tuombe. Ee Bwana, uwalinde askari wetu na uovu, hasa ule wa mikono yao wenyewe. Uwape wanyonge ujasiri wa kusema, nasi majirani utupe miguu ya kuwasindikiza. Amina.

Kwaherini, mpaka tutakaposikilizana tena.